Makopo ya Rafu ya Chini

Aliyemwondoa Mwalimu katika shule yetu ni Mwenyekiti wa kamati ya shule. Si ofisi ya kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, ambayo ilipelekewa habari mambo yakiwa yamekwisha. Si wazazi wa Kirundi, ingawa wamesingiziwa kwa muda mrefu kwamba ndio waliolalamika. Wala si Mwalimu mwenyewe, anayesemwa kuwa aliacha kazi kwa hiari ili akafanye biashara Lilongwe. Mimi nilikuwa katibu wa kamati hiyo. Niliketi ubavuni mwa Mwenyekiti katika kikao kilichotoa uamuzi, nikasikia yaliyosemwa, nikayapinga, na kura yangu ikashindwa. Sasa nimestaafu kazi zote, zile za Kindu kwetu Kongo na zile za Dzaleka, na nimechoka kusikia jambo hili likisimuliwa visivyo na watu ambao hawakuwamo chumbani.

Sitamtaja Mwalimu kwa jina, wala Mwenyekiti. Sababu ya kutomtaja Mwenyekiti aliiweka Mwalimu mwenyewe, nami nitaieleza mahali pake. Mwalimu watoto walimwita Madamu, na sisi wakubwa tukafuata; jina hilo linatosha.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mwendo wa haraka, na alifunga chaki katika pindo la kitenge chake pale ambapo wanawake wengine hufunga fedha. Hakupaza sauti darasani. Makelele yakizidi aliwageuzia watoto mgongo, akatazama ubao mtupu, akabaki hivyo mpaka wanyamaze wenyewe. Nimewahi kupita nje nikaona darasa zima limetulia likitazama mgongo wa mtu mmoja, nikafikiri kuna msiba. Nilipomuuliza alijibu, "Papa Sekretere, mutu anaogopa sana mugongo kuliko fimbo. Fimbo anaizoea."

Sekretere ndilo jina alilonipa tangu siku ya kwanza, na hakuliacha hata baada ya kamati kuvunjika.

Shule yetu ya katikati ya miaka ya tisini ilikuwa ndani ya majengo ya gereza la zamani, kwa kuwa ndiyo majengo yaliyokuwapo. Walimu waligombea vyumba vyenye madirisha. Madamu peke yake alikuja mbele ya kamati kuomba chumba ambacho hakuna aliyekitaka: kile kilichokuwa cha adhabu, chenye kuta nene, mlango wa chuma, na tundu moja tu juu karibu na paa. Wanakijiji wa jirani waliotuletea mahindi walikuwa wakizunguka mbali ili wasipite mbele yake. Mwenyekiti alimuuliza anakitakia nini. Akasema, "Mulinipa batoto ba kelasi ya tano, mukanipa na somo ya nyota. Basi munipe na usiku. Bataona nyota namna gani saa ine ya asubui?"

Tulicheka, tukampa. Ombi lile niliona kuwa la busara, na sijabadili maoni hayo.

Lazima nieleze kazi yenyewe ilivyofanyika, kwa maana hapo ndipo penye shauri lote. Mafuta ya mgao yalikuja katika makopo, na kopo likiisha mafuta lilikuwa na matumizi mengi kambini. Madamu aliwaambia watoto walete makopo matupu. Kila mmoja alikata upande mmoja wa kopo ukawa wazi, na upande wa pili, yaani kitako, akatoboa kwa msumari matundu yanayofuata mchoro wa kundi fulani la nyota: Kilimia, au Nge, au ule Msalaba wa Kusini pamoja na nyota zake mbili zinazousindikiza. Kisha kopo lilipachikwa katika tundu la ukuta, kitako kikitazama nje. Lilienea pale kana kwamba waliojenga gereza walipimia mafuta yetu. Mlango ukafungwa. Jua la nje likapenya matundu, na watoto waliokaa sakafuni gizani wakaziona nyota zinawaka juu yao mchana kweupe.

Niliwahi kukaa nao mara moja. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kuleta mama yake.

Ndani ya kazi hiyo kulikuwa na mtego. Mtoto akibandika mchoro juu ya kitako cha kopo na kuutoboa jinsi anavyouona, nyota zinakuwa sawa kwa mtu aliye nje. Aliye ndani anaziona zimegeuka, kulia kumekuwa kushoto. Madamu alilijua hilo na hakulisema. Aliwaacha wakosee wote, akapachika makopo yao, akawaambia wakiwa kwao jioni wautafute Msalaba upande wa kusini na waangalie zile nyota mbili zimekaa wapi.

Siku ya pili walirudi wamekasirika. Nilikuwa nimekuja kuhesabu madawati, nikayasikia haya kwa masikio yangu.

"Madamu, mbingu ya Dzaleka iko mubaya," msichana mmoja alisema. "Zile mbili ziko ku kushoto. Kwetu ku kopo ziko ku kuume."

"Mbingu njo iko mubaya, ao kopo?" Madamu aliuliza, na "njo" ya kwetu Kindu ni "ndiyo" ya wengine.

Watoto waligeuka wakatazama tundu la ukuta.

"Mbingu ilifika hapa mbele yenu. Basi musiifukuze."

Ndipo alipowafundisha njia. Karatasi yenye mchoro ilipakwa masalio ya mafuta hadi ikawa inapitisha mwanga, ikageuzwa uso chini, mchoro ukaonekana kwa nyuma, na msumari ukaufuata huo. Kopo la pili lilitoka sahihi. Kila mtoto alichora jina lake ubavuni mwa kopo sahihi, likawekwa kwenye rafu ya juu. Makopo ya kwanza yaliwekwa rafu ya chini, bila jina. Hakuyatupa, kwa sababu kila darasa jipya lilitakiwa kuyaona yale ya waliotangulia na kujua kwamba nao walikosea. Mtoto aliyejaribu kumcheka mwenzake kwa kulitambua kopo lake la chini aligeuziwa mgongo.

"Kazi njo iko na jina," alikuwa akisema. "Kosa haina jina. Kosa ni ya kelasi yote."

Niliona baadhi ya wenzangu wakilidharau neno hilo kuwa ni la kubembeleza watoto. Hawakuwa wamemwona akisahihisha hesabu. Hakubembeleza.

Ule Msalaba wenyewe ulimletea maneno. Mzazi mmoja, mfanyabiashara wa chumvi kutoka kwetu Maniema, mtu wa msikitini, alikuja mlangoni na kofia yake akasema kwamba mwanawe amerudi nyumbani akichora msalaba majivuni. Aliuliza kama Madamu, ambaye ni Mwislamu na binti wa watu anaowajua, amebadili dini kwa ajili ya mishahara ya wazungu.

"Mishahara gani, Papa?" Madamu aliuliza. "Unipeleke fasi iko, tugawane."

"Sicheki nawe, Madamu. Ule ni msalaba."

"Ni nyota ine na moja kidogo. Mungu njo aliziweka, mi niko nazihesabu tu. Kama hutaki msalaba, ita tiara, ile batoto banarusha ku upepo. Angalia, iko na mukia."

Yule mzee aliufuata mkia kwa kidole. Alikubali kwamba ni tiara. Tangu siku hiyo watoto wa Kirundi waliuita Msalaba, watoto wa Maniema wakauita Tiara, na wote waliuonyesha mahali pamoja. Kuhusu Kilimia hakupata taabu. Alifundisha na ule msemo wa wazee, kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na wazazi wote walikuwa wakulima kiasi cha kuukubali.

Alikuwa na somo jingine ambalo nililipenda zaidi, ingawa halikusifiwa. Alining'iniza vibonge vya udongo darini kwa nyuzi, kimoja karibu na mlango, kingine mbali, kingine katikati. Ukisimama kizingitini viliungana vikawa Tiara kamili. Ukipiga hatua pembeni, Tiara ilivunjika ikawa udongo unaoning'inia ovyo. Alitaka watoto waelewe kwamba nyota za kundi moja si majirani. Ni sisi tunaoziona zimekaa pamoja. "Mutu anaona kufuatana na fasi anasimama," aliwaambia, akawapanga foleni ili kila mmoja asimame pale mlangoni kwa zamu yake, asiibiwe nafasi na mwenzake.

Haki inanitaka nisimpambe. Siku za Jumamosi Madamu aliuza sabuni Lilongwe, katika soko la Mchesi, na huko alikuwa mtu mwingine. Mwalimu aliyemrudisha mtoto nyumbani kwa kusema uongo kuhusu penseli alikuwa akiapa mbele ya wateja kwamba sabuni yake imetoka Bujumbura, wakati tulijua sote kwamba inachemshwa nyuma ya duka moja Kawale, mtaa wa mji huo huo. Nilimkabili kwa jambo hilo. Akanijibu bila haya, "Ku kelasi banakuja kujua. Ku soko banakuja kubishana. Nikibasemea ukweli, batabisha nini?" Aidha, alikuwa mgumu wa kuomba radhi, na mwalimu mwenzake mmoja hakusemeshwa naye muhula mzima kwa sababu ya ufagio.

Na kulikuwa na hili, ambalo wageni hawakuliamini: Mwalimu wa nyota hakutoka nje usiku. Jua likianza kushuka alikuwa ndani, mlango umefungwa, na hata jirani akimgongea alijibu kupitia ukutani. Aliyoyafundisha yote kuhusu mbingu aliyafundisha asubuhi, ndani ya chumba. Nilimuuliza mara moja tu kwa nini haendi kuzitazama nyota zenyewe pamoja na wanafunzi wake.

"Nilishaziona zote ku njia, Papa Sekretere, wakati tulikuwa tunakimbia," alisema. "Zinatosha."

Sikuuliza tena.

Sasa niseme habari ya siku ya wazazi. Madamu aliwaalika wazazi waje watoboe makopo, bila kuwaeleza ule mtego, ili watoto wapate kuwafundisha. Walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Mwenyekiti naye alikuja, kwa kuwa binti yake alisoma darasa hilo, akakaa mbele kabisa. Alikuwa mtu wa kujiamini, mwenye biashara ya maharage, na hakuwahi kushika kifaa akakiri kwamba hakijui. Alipewa kopo, mchoro wa Msalaba peke yake, msumari na jiwe. Nyota nne alizitoboa vizuri. Ile ya tano, ndogo, aliipiga kwa nguvu mno. Msumari ukazama, bati likapasuka kama mdomo.

Mama mmoja wa Kirundi akamwambia, "Mwenyekiti, nyota yako imekuwa mwezi."

Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao. Kopo lilipopachikwa ukutani lilikuwa limegeuka, kama yalivyogeuka ya wazazi wote. Binti yake alisimama akamweleza baba yake sababu, akimpakia karatasi mafuta, na sote tulimpigia makofi. Madamu alilichukua lile kopo lililopasuka, akaliweka rafu ya chini, bila jina. Naandika hivi kwa sababu nilikuwapo, na Mwenyekiti alikuwapo, na alielezwa kwa lugha ya nyumbani kwake na mtoto wake wa kumzaa.

Baada ya miezi michache mvua zilianza, na ghala la Mwenyekiti likavuja. Chumba cha Madamu hakikuvuja, kilifungika kwa chuma, na panya hawakuwa na mahali pa kupenya. Mwenyekiti alikuja kwenye kamati na pendekezo la kukifanya kiwe "stoo ya jumuiya." Madamu aliitwa akaulizwa. Alisema vyumba viko vingi, lakini usiku uko mmoja tu. Pendekezo likaanguka, na nilidhani mambo yameishia hapo.

Jumamosi moja, Madamu akiwa sokoni Mchesi, alikuja mgeni kutoka shirika lililokuwa likitusaidia madaftari. Mwenyekiti alimtembeza, nami nikafuatana nao. Mgeni alikuwa amesikia habari za chumba cha nyota na alikuja na ramani yake ya anga, akiwa na furaha ya kweli. Mwenyekiti alifungua chumba, akapita rafu ya juu, akainama rafu ya chini, akatoa kopo akalipachika. Tulipofunga mlango, nyota nne ziliwaka, na ya tano ikamwaga mwanga kama dirisha. Nililitambua papo hapo. Ni mtu kipofu tu ambaye hangelitambua.

Mgeni alitazama ramani, akatazama ukuta, akasema kwa upole kwamba imegeuka.

"Hivyo ndivyo anavyofundisha," Mwenyekiti alisema.

Nilisema kwamba iko rafu nyingine, na nikaanza kuieleza. Mwenyekiti alinikatiza kwa Kiingereza, lugha ambayo wakati ule nilikuwa ninaisoma tu, akamwongoza mgeni nje. Gari liliondoka kabla sijaifikia rafu ya juu.

Kikao kiliitishwa wiki iliyofuata. Kopo lilikuwa juu ya meza. Nitayaweka maneno kama yalivyosemwa.

"Hii kopo ni ya kelasi yako?" Mwenyekiti aliuliza.

"Ni ya kelasi yangu."

"Iko sawa ao iko kinyume?"

"Kinyume."

"Nani alitoboa?"

Madamu alimtazama. Angeweza kuumaliza mchezo kwa neno moja, na watu watatu mezani pale walikuwa wakilingoja. Alisema, "Rafu ya chini haina majina, Mwenyekiti. We unajua."

Mimi nikasema kwamba aliyetoboa kopo hilo yumo katika kikao, na kwamba kopo hilo si somo bali ni mwanzo wa somo. Mwenyekiti alijibu kwamba kazi ya katibu ni kuandika maamuzi, si kuyatengeneza. Hoja iliyopigiwa kura ilikuwa kwamba Mwalimu anawafundisha watoto mambo ya uongo. Ilipita. Wawili kati ya waliounga mkono walikuwa wakinunua maharage kwa Mwenyekiti kwa mkopo. Nalitaja hili kama jambo lililojulikana na wote, si kama shtaka.

Madamu alifungua pindo la kitenge, akaweka chaki juu ya meza kipande kimoja kimoja, akafunga tena pindo likiwa tupu, akatuaga kila mmoja kwa heshima yake.

Kabla ya mwezi kwisha chumba kilijaa magunia. Makopo yalitupwa nje, ya juu na ya chini, na watu wakayaokota kumwagilia bustani, kwa kuwa kopo lenye matundu linafaa sana kwa kazi hiyo. Niliona kwa macho yangu Tiara ikimwagilia mchicha.

Nilikutana naye mwaka uliofuata Kawale, nilikokwenda kutafuta dawa ya macho. Alikuwa nyuma ya meza ya sabuni, kivulini mwa bati, anabishana na mama mmoja wa Kimalawi. Alipunguza bei, akashukuriwa "zikomo," akajibu "zikomo" kwa lafudhi ya Kindu, halafu akaniona.

"Papa Sekretere. Ungali unaandika?"

"Ningali, Madamu."

Alinipa kiti cha mteja. Kwanza aliuliza kuhusu makopo. Nilimweleza ukweli, pamoja na mchicha.

"Ya juu ao ya chini?"

"Niliyoiona mimi ilikuwa ya juu. Ilikuwa na jina."

"Basi ile mboga iko inapata mvua ya sawa," alisema, akacheka mpaka akafuta macho.

Kisha alinieleza bila kulalamika. Aliomba kazi katika shule ndogo ya jumuiya huko Chilinde. Mkuu wa shule alimpenda, akauliza kambini kwa nini aliondoka, akajibiwa kwamba alikuwa akifundisha kinyume. Kazi ikaenda kwa mwingine. Hilo alilisimulia kama mtu anayesimulia bei ya mafuta. Lakini alipofika kwenye jambo la pili alianza kuzipanga upya sabuni ambazo zilikuwa zimepangika.

"Ule mutoto wa Mwenyekiti alifika hapa na mama yake, kununua sabuni. Akaniuliza: Madamu, yote ulitufundishaka ilikuwa kinyume? Yote? Nikamwambia, we mwenyewe ulimwelezaka papa yako namna ya kugeuza karatasi. Akasema, papa anasema hakuna siku ile." Aliiweka sabuni ya mwisho mahali pake. "Kazi si kitu. Sabuni inanilisha. Lakini batoto bale banajua kintu ya kweli, na banaambiwa ni uongo. Batakuwa banaogopa hata kuangalia juu."

Nilimuuliza kwa nini basi hakulisema jina siku ile.

"Mi njo niliweka ile sheria. Nikiivunja siku inanikata mimi, ilikuwa sheria ya nini?" Kisha akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama watoto waliochelewa kuelewa. "We haukukuwa mwanafunzi yangu, Papa. Wewe sikukukataza."

Nimeitafakari ruhusa hiyo kwa muda mrefu. Nimeamua kuitumia nusu. Jina la Mwenyekiti silitaji, kwa heshima ya rafu ya chini. Cheo chake nimekitaja, kwa kuwa uamuzi ule hakuutoa kama mzazi aliyekosea kutoboa kopo. Kosa la kopo lilikuwa la darasa zima, na tulilicheka pamoja. Alilolifanya baadaye halikuwa kosa, na halistahili kufichwa pamoja na makosa.

Kwa hiyo nadai rasmi, kwa Mwenyekiti huyo na kwa kamati yoyote iliyorithi ile yetu, kwamba uamuzi wa kumwondoa Mwalimu utenguliwe kwa sababu ulisimama juu ya ushahidi ambao mtoa ushahidi aliujua kuwa si kweli. Nadai shule ile ya Chilinde ipelekewe habari sahihi, na chumba kile kitolewe magunia na kurudishiwa watoto. Na nadai wanafunzi wote wa darasa lile, waliokuwapo siku ya wazazi, waitwe chumbani humo humo. Mwenyekiti asimame mbele yao, na binti yake akiwamo, mlango ukiwa wazi, ajibu swali ambalo yeye mwenyewe alimuuliza Mwalimu mbele ya kamati: nani alitoboa?